Ziara ya Tatu

Kabati la Mwalimu lilikuwa na ukurasa mmoja uliobandikwa ndani ya mlango, mahali ambapo mgeni hauoni mpaka kabati lifunguliwe. Ulikuwa ukurasa wa vigezo vya kupandishwa cheo kuwa profesa, kama ulivyotolewa na ofisi ya utumishi ya chuo chetu, na pembeni mwa kila kigezo Mwalimu alikuwa ametia alama ya vema kwa penseli. Kufundisha, vema. Kusimamia wanafunzi wa uzamili, vema. Kuchapisha makala, vema, tena mara mbili, kwa sababu alikuwa na kiburi chake. Mstari mmoja tu haukuwa na alama: kuongoza utafiti mkubwa kama mtafiti mkuu. Nililifungua kabati lile miaka kumi na moja kutafuta glavu na mirija ya maabara, na miaka yote hiyo mstari ule ulikuwa mtupu.

Mimi ndiye niliyeufanya ubaki mtupu. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani naandika haya kwa kumsifu tu mtu mwema. Naandika kwa sababu sina pa kuyapeleka.

Sisi wa maabara tulimwita mwanamke huyu Mwalimu. Kina mama wa Kizanzibari wa Stratford na Thamesmead, mitaa ya London, walimwita Dakta, wakamletea karatasi za vipimo na chupa za dawa awasomee, ingawa kazi yake ilikuwa kuchunguza chembe za saratani ya matiti na hakuwahi kumtibu hata paka. Aliwasomea. Halafu aliwaambia kwa lafudhi yake ya Pemba, "Mie si daktari wa watu, mie daktari wa vitabu." Walicheka, wakaona anajishusha, wakarudi wiki iliyofuata na chupa nyingine.

Chuo chetu hakikuwa cha aina ile ambayo watu wakiisikia wananyanyua nyusi. Kilikuwa jengo la vioo mwendo wa dakika chache kutoka stesheni ya Stratford, lifti moja kati ya mbili ikiwa mbovu siku zote. Wanafunzi wetu walikuwa watu weusi na watu wa Bara Hindi, wengi wao wakija darasani moja kwa moja kutoka zamu za kuhudumia wazee au kupanga bidhaa madukani. Nyuso zao zilijaa kwenye vipeperushi vya chuo. Kwenye ukuta wa ghorofa ya tano, palipotundikwa picha za maprofesa, ungeweza kusimama mchana kutwa bila kuuona uso mmoja uliofanana na wetu. Mwalimu alipita pale kila asubuhi akienda kuchukua barua zake, na sikumwona akigeuza shingo hata siku moja.

Darasani alikuwa na tabia mbili zisizokaa pamoja. Mwanafunzi akisinzia, yeye alipunguza sauti, akaendelea kufundisha kwa upole kana kwamba kuna mtoto mchanga chumbani. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiandika upuuzi kwenye mtihani, alimfelisha bila kupepesa macho. Niliwahi kumwambia kwamba yule binti aliyempa alama mbaya analea watoto wawili na anafanya kazi usiku. Akaniuliza kama chembe za saratani zingemhurumia mgonjwa kwa kuwa mtafiti wake alikuwa amechoka. Siku ya pili nikamkuta na binti yuleyule kwenye meza ya mapumziko, wanarudia somo zima tangu mwanzo, na mkebe wa visheti katikati yao.

Alikuwa mkali wa saa. Mtu akichelewa kikao cha maabara kwa dakika tatu alikuta kiti chake kimeondolewa. Lakini kwa kina mama wa Thamesmead alichelewa kwa makusudi. Akialikwa saa nane alifika saa tisa kasoro, na aliponichukua mara ya kwanza tukakaa kwenye benchi la kituo cha basi kwa muda mrefu, baridi inatupiga, huku dirisha la mwenyeji wetu tunaliona. Alisema anayefika kwa dakika anakuwa mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi huambiwa mambo ya ofisi.

Mimi alinipata nikiwa msafishaji. Nilikuwa na shahada yangu ya baiolojia kutoka nyumbani, haina kazi, na nilikuwa nikipangusa meza za maabara yake jioni. Siku moja alinikuta nimesimama nasoma bango la utafiti wake ukutani, nikaomba radhi, naye akaniuliza kosa liko mstari wa ngapi. Nilimwambia. Kosa lilikuwapo kweli, kwenye mchoro, na mpaka leo sijui kama alikuwa amelijua kabla yangu. Baada ya miezi michache nilikuwa fundi wa maabara. Nilipoitwa Croydon kuhusu karatasi zangu za kuishi nchini, alifuta mhadhara, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Alikaa na mimi kwenye viti vya plastiki vya ofisi ile ya uhamiaji tangu asubuhi mpaka alasiri, chupa ya chai ya tangawizi miguuni, akisahihisha insha za wanafunzi. Kila nilipotaka kulia alinipa insha moja nimsaidie kujumlisha alama. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemfanyia nililomfanyia.

Kazi ambayo Mwalimu alitaka kuiongoza ilianzia kwenye swali moja la fomu. Utafiti wowote wa saratani huuliza kama katika ukoo wako kuna mtu aliyewahi kuugua saratani, kwa sababu saratani nyingine hurithiwa. Wanawake wetu wakiulizwa swali hilo hujibu hapana. Hujibu hapana mwanamke aliyemzika mama yake na dada zake wawili. Hapana hiyo hawaitoi kwa ujinga. Kwao kulitaja jina la ugonjwa uliomuua mtu ni kumvua nguo maiti, na pia ni kumharibia binti yake, kwa sababu watu wakijua kwamba ukoo fulani una maradhi yale, wachumba hupungua. Kwa hiyo husema marehemu aliumwa kifua, au alichoka, au siku zake zilifika.

Mwalimu alikuwa na sharti kwamba anayepeleka fomu kwa watu aijaze yeye kwanza. "Usimpelekee mtu swali ambalo wewe hujalijibu," alikuwa akisema. Nami nikajaza, na kwenye swali la ukoo nikaandika hapana. Aliisoma mbele yangu, akaipiga mhuri, akaiweka kwenye faili. Baada ya wiki kama mbili alinialika kwake, tukajuliana hali tu, kisha akanialika tena, tukala. Akanialika mara ya tatu, na tulipokuwa tunaosha vyombo akaniuliza, bila kunitazama, shangazi yangu aliyenilea Muheza alikuwa mtu wa namna gani. Sikumbuki nilianzia wapi. Najua tu kwamba maji ya sinki yalikuwa yamepoa kabla sijafika mwisho, na kwamba nilimweleza habari za ile kanga aliyojifunga kifuani mchana na usiku ili tusione, na harufu, na jinsi baba alivyotukataza kusema. Mwalimu alikausha mikono, akatoa daftari lenye jalada gumu la kijani, akaandika. Kisha akaniomba ruhusa. Akasema hatalitoa daftari lile kwa mtu yeyote, na kama sitaki, ukurasa ataukata mbele yangu.

Ndivyo alivyofanya kwa kila mwanamke. Ziara ya kwanza ni ya kujuliana hali, na akijua kuna msiba huwa ni ya kutoa pole. Ziara ya pili ni ya kula. Ziara ya tatu ndipo karatasi inapotoka mkobani, na hata hapo inatoka chai ikiwa imeshanywewa nusu. Daftari aliliandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, ili ofisi nzima isiweze kusoma hata neno moja. Mimi pia siwezi. Ukurasa wa shangazi yangu niliuona mara nyingi, na sijui umesema nini.

Basi wakaja watu wa chuo kikubwa.

Chuo hicho kiko upande wa pili wa jiji na sina haja ya kukitaja. Walikuwa na fedha za utafiti, mashine, na profesa mmoja mwenye tabasamu la upole aliyependa kumshika mtu bega anapomsalimu. Hawakuwa na wanawake wa Kiafrika. Waliotoa fedha walikuwa wameanza kuuliza mbona sampuli zote ni za watu wa rangi moja. Kwa hiyo wakatutafuta. Mkuu wa idara yetu alifurahi kama aliyeposwa. Alimwambia Mwalimu kwamba hii ndiyo njia yake ya kufika kwenye uprofesa: ajiunge na wakubwa, baadaye ataongoza chake.

Aliamini. Huo ndio uchungu wangu mkubwa kwa niaba yake, kwamba mwanamke mwenye akili ile aliamini. Kwa miaka minne aliwapeleka kwenye nyumba zote alizozijenga kwa chai na pole. Damu ikatolewa, vipande vya uvimbe vikahifadhiwa, fomu zikajazwa, na yaliyosemwa kwenye sinki yakabaki daftarini. Kwenye mikutano profesa alimtambulisha kuwa mwenzetu wa jamii. Mwalimu alikuwa amechapisha makala za chembe hai kabla yule bwana hajaota mvi, na yeye akamfanya kama mama wa kuandaa ukumbi. Nilimwuliza mbona hamkatizi. Alijibu, "Hebu niache, mwanangu. Mie nasubiri mstari wangu."

Halafu matokeo yakatoka, na ndani yake mlikuwa na aya nzima iliyosema kwamba wanawake wa Afrika Mashariki wa jijini hawana historia kubwa ya saratani katika koo zao. Walikuwa wamehesabu hapana zetu.

Nilikuwapo kwenye kikao kile, nimeketi nyuma na kompyuta. Mwalimu alinyanyua mkono, akasubiri mpaka akaruhusiwa, akasema kwamba aya ile si kweli na itaua watu, kwa sababu daktari wa mtaa akiisoma hatawaita mabinti kupimwa mapema. Akasema, "Anayejibu hapana hasemi kwamba hakuna. Anasema si wewe wa kuambiwa." Alilisema kwa Kiingereza, tena kwa utulivu. Profesa akatabasamu, akamwuliza kama ana data yoyote ya kuonyesha.

Daftari lilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa miguuni mwake. Niliona mkono wake unashuka chini ya meza, unaushika mkoba, unakaa pale. Mle ndani mlikuwa na kila kitu, majina ya mama na shangazi na bibi, mitaa yao, na miaka waliyozikwa. Angelifungua mezani, aya ile ingefutwa siku hiyohiyo na utafiti uliofuata ungekuwa wake. Mkono ukarudi juu ya meza. Akasema hana.

Tulipotoka nilimkasirikia sana. Nilimwambia kwamba kina mama wale wangemwelewa. Akaniambia kwamba alipewa amana na watu waliokuwa wanakausha vyombo, hawakuwa wanatia sahihi, na hilo ni jambo jingine. Akapanda treni yake. Nilibaki jukwaani nikifikiri kwamba uaminifu wa namna ile ni anasa, na kwamba mimi, mtu wa kukodi chumba, siwezi kuumudu. Sikujua kuwa hapo ndipo nilipoanza kumsaliti.

Mwaka uliofuata aliomba uprofesa mara ya tatu. Alivaa suti ileile ya kijivu aliyoivaa mara mbili zilizotangulia na ushungi mpya wa rangi ya zambarau. Jopo lilimsifu kwa nusu saa, likamkatalia kwa dakika moja: hajaongoza. Alirudi maabara, akavua koti la suti, akavaa lile jeupe, akanihimiza tumalize mirija ya siku ile. Saa ya chakula cha mchana alilikunja lile koti la kijivu, akalipeleka kwenye duka la mitumba ya hisani la mtaani. Aliporudi alisema hatangoja tena kupewa mstari, atauandika mwenyewe.

Akauandika. Ulikuwa utafiti wa namna ya kuuliza. Alipendekeza wanawake waulizwe baada ya ziara tatu, na watu waliofunzwa, na ruhusa iombwe upya baada ya maneno kusemwa, ili kile kinachosemwa kwenye sinki kiweze kuingia kwenye hesabu bila kumsaliti mtu. Alitatua kwa kurasa ishirini kile kilichomfunga mkono chini ya meza. Jina la kwanza lilikuwa lake, mtafiti mkuu. La pili lilikuwa langu. Niliposoma nilisikia fahari hata nikaona haya.

Ofisi ya utafiti ya chuo chetu iliikalia ile rasimu. Mara walitaka chuo kikubwa kiiunge mkono, mara walitaka ipunguzwe. Na wakati imekaliwa, chuo kikubwa kikatangaza nafasi ya mtafiti wa kushughulika na jamii zisizofikiwa. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye maabara yake na njia ya kupanda cheo. Nilikuwa nimeshapata shahada ya uzamivu chini ya Mwalimu, nikiishi kwa mikataba ya miezi sita sita, na binti yangu alikuwa anaanza sekondari. Sitaji hayo kama udhuru. Watu wengi wana binti.

Nilimwomba Mwalimu barua ya kunidhamini, naye akaandika bila kusita. Nimewahi kuiona barua hiyo baadaye, kwenye faili langu. Imesema kwamba hakuna mtu mwingine London anayejua kuwauliza wanawake hawa kama mimi, na kwamba nilijifunza haraka.

Kwenye usaili alikuwapo yule profesa wa tabasamu. Aliniuliza ningefanya nini tofauti. Nilikuwa na majibu mengine. Nilikuwa nimeyaandaa kwa wiki nzima, mazuri tu, ya kumpatia mtu kazi. Lakini niliona macho yao yanaanza kuchoka, nikaogopa, nikasema kwamba najua kwa nini wanajibu hapana. Wakakaa wima kwenye viti. Nikawaeleza ziara ya kwanza, ya pili na ya tatu, chai, sinki, na ruhusa ya mara ya pili. Nilieleza dakika ishirini na sikutaja jina lake. Mmoja wao aliniuliza kama wazo hilo ni langu. Nikajibu kwamba limetokana na kazi yetu ya miaka mingi, nikaliacha lile neno "yetu" lining'inie, kila mtu alichukue apendavyo.

Kazi nikaipata. Mwalimu alininunulia koti la maabara jipya, lenye jina langu limetariziwa mfukoni. Miezi michache baadaye ofisi ikauachilia ule mstari wake, ukaenda kwa watoa fedha, ukarudishwa. Sababu ilikuwa ya mstari mmoja: utafiti unaofanana na huo tayari unaandaliwa katika taasisi nyingine yenye uwezo mkubwa zaidi. Aliniletea barua ile anionyeshe, kama alivyozoea kunionyesha kila kitu. Tulikutana kwenye mkahawa wa stesheni. Aliiweka mezani, akanitazama, akasubiri nimwambie ni taasisi gani. Nilisema sijui. Alitikisa kichwa taratibu, akaikunja barua, akaniuliza hali ya binti yangu.

Kama angenitukana ningepona mapema. Nilikuwa nangoja anitukane. Badala yake alinitumia salamu za Idi kila mwaka, maneno yaleyale machache, na mimi nikajibu kwa picha za maua zinazozunguka kwenye simu.

Idara yetu ya zamani ilifungwa. Walioandika barua za kuifunga walisema ni mabadiliko ya mwelekeo. Alipewa mkono wa heri na keki, wakamwita nguzo. Fundi aliyebaki aliniambia kwamba siku ya kuhamisha vitu Mwalimu alibandua ule ukurasa wa kabatini taratibu kwa ukucha ili usichanike, akautia mkobani. Nilitamani asingeniambia.

Na mimi huku utafiti wangu haukwenda. Jina langu lilikuwa la kwanza, maabara nilikuwa nayo, wasaidizi nilikuwa nao, vijana wazuri wenye mashine za kurekodi. Nyumba zikatufungia milango kwa adabu. Tulikaribishwa, tukapewa soda, tukaambiwa wote wazima. Mwanamke mmoja wa Thamesmead ambaye miaka ya nyuma alinipakulia biriani kwa mkono wake aliniuliza tu, "Dakta yuko wapi?" Nikasema amestaafu. Akasema basi na yeye amestaafu.

Watoa fedha walitaka niombe upya, na safari hii niwe na mtu wa jamii aliyetia sahihi. Nikajua ni nani. Nikajua pia siwezi kwenda na karatasi mkononi.

Nikaenda mara ya kwanza na mfuko wa machungwa, nikamjulia hali. Anaishi ghorofa ya tatu, dirisha linatazama mfereji na mabata. Alikuwa amekonda, lakini alinikumbatia kwa nguvu, akanikemea kwa kuwa sikuvaa soksi nzito. Baada ya wiki mbili nikaenda tena, akanipikia mchuzi wa pweza, tukala, tukacheka habari za lifti mbovu. Nikaosha vyombo. Sikugusia kazi, na moyoni nilijisifu kwa subira yangu.

Mara ya tatu ilikuwa alasiri ya Jumamosi. Alikuwa ameweka chai mezani kabla sijafika, vikombe viwili na visheti. Nilichelewa kwa makusudi karibu saa nzima. Tukanywa, tukasemezana habari za binti yangu ambaye siku hizi anaelewa Kiswahili chote na anakijibu kwa Kiingereza. Kikombe changu kilikuwa kimefika nusu aliponyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi.

"Hii mara ya tatu, mwanangu," alisema. "Itoe hiyo karatasi."

Nilianza kusema Mwalimu, mimi sikuja kwa ajili hiyo, naye akauacha mkono wake hapo hapo, hana hasira, kama mtu anayesubiri chenji. Nikaitoa. Akavaa miwani, akaisoma yote, kurasa ishirini, na mimi nimekaa nasikia mabata. Kwenye ukurasa wa sita alichukua penseli, akasahihisha hesabu ya ukubwa wa sampuli. Kwenye ukurasa wa kumi na moja aliongeza sentensi moja juu ya ruhusa ya mara ya pili, sentensi niliyokuwa nimeisahau, ambayo ilikuwa yake. Akafika ukurasa wa mwisho, penye majina. Juu palikuwa na jina langu na maneno mtafiti mkuu. Chini palikuwa na jina lake na maneno mshauri wa jamii, na nafasi ya sahihi.

Kisha pembeni mwa jina langu, kwa ile penseli, akatia alama ya vema.

Nafasi ya sahihi yake aliiacha wazi. Alizipanga karatasi, akazigonga mezani zikae sawa, akanirudishia. "Sasa iko vizuri," alisema. "Itapita." Nilimwambia Mwalimu nisamehe, nikalirudia mara mbili tatu. Akasema chai yangu inapoa. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni alinipa visheti vilivyobaki, vimefungwa kwenye karatasi ya jikoni, nimpelekee binti yangu. Ule ndio mwisho wa kuonana naye. Nimempigia, hupokea, hunijulia hali, kisha husema ana wageni.

Ilipita. Tulimweka mtu mwingine kwenye nafasi ya sahihi, kijana wa shirika fulani. Waliotoa fedha waliisifu hasa sentensi ya ukurasa wa kumi na moja.

Kabla ya kuwagawia wasaidizi fomu mpya niliwaambia kwamba kila mmoja aijaze kwanza mwenyewe, kwa kuwa hatumpelekei mtu swali ambalo hatujalijibu. Wakaipenda ile kauli, mmoja akaiandika ubaoni. Nikachukua yangu. Nilipofika kwenye swali la ukoo nilimfikiria shangazi na kanga yake. Nikawatazama vijana wale waliokuwa wakingoja kuikusanya waiingize kwenye kompyuta, watu wema ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuosha kikombe na mimi. Nikaandika hapana.

Fomu za kina mama zimeanza kurudi wiki hii. Nimezisoma zote, na kwenye swali lile zinafanana na yangu.